Redio Iliyoimba Ngamiani Ikanyamaza Njia ya Amani

Mjomba wangu ana Land Cruiser hardtop, ile yenye mkonga, na kazi yake ni kupanda Amani, juu kwenye milima ya Usambara, na kushuka. Hupanda na mchele, saruji na abiria wawili watatu. Hushuka na iliki na mdalasini. Mwaka jana aliingia duka moja Ngamiani, Tanga mjini, akatoka na redio mpya na spika mbili ambazo boksi lake lilijitapa "wati 300". Akafungiwa siku ileile. Pale gereji, injini imezimwa na milango iko wazi, zikapiga mpaka wapita njia wakageuza shingo. Kutoka Tanga hadi Muheza, lami tupu, mjomba alikuwa bado anaimba nazo. Alipoiacha lami akaanza kupanda, besi ikaondoka kwanza. Yakafuata maneno. Kabla hajafika Amani redio yenyewe ilikuwa imezima na kuwaka mara nne tano, na kila ikiwaka imesahau stesheni zote.

Akanipigia simu. "Mjomba, nimepigwa. Redio feki hii."

Haikuwa feki. Nimelala chali chini ya dashibodi hiyo Jumapili tatu, miguu ikining'inia nje ya mlango, na nilichokikuta ni kazi ya kawaida kabisa ya gereji zetu: vitu vizuri vimefungwa kana kwamba gari ni sebule. Gari la njia mbaya linatikisika, linakula vumbi, lina dizeli inayonguruma umbali wa mkono, na dashibodi yake ni ganda jembamba la plastiki au bati lililojaa matundu. Humo ndani sauti utakayoipata haitegemei sana ulichonunua. Inategemea mambo ambayo hayauzwi ndani ya boksi: tundu, ubao, waya, na hewa iliyo nyuma ya spika.

Tundu na mshiko wake

Redio nyingi za gari hufuata kipimo kinachoitwa DIN, ambazo ni herufi za shirika la viwango la Ujerumani. Baadaye kikawa kipimo cha kimataifa, ISO 7736. Uso wa DIN moja ni milimita 180 kwa 50. DIN mbili ni 180 kwa 100. Toyota naye, kwa magari yake mengi, ana tundu lake la milimita 200 kwa 100, kwa hiyo redio ya DIN mbili ikiingia humo inaacha mwanya wa milimita 10 kila upande. Mwanya huo una vipande vya plastiki vya kuuzibia, vitu vya bei ndogo. Wa mjomba ulikuwa umezibwa kwa silikoni.

Upana ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni kina. Nyuma ya tundu kuna mabomba ya hewa, kuna mikono ya waipa, kuna fungu la nyaya lenye unene wa kifundo cha mkono. Ingiza rula kabla hujatoa pesa. Redio zisizo na mdomo wa CD ni fupi kwa nyuma, na kwa gari la namna hii CD haina kazi: kijicho kinachosoma diski hakipendi rasta, yale matuta madogo ya barabara ya vumbi.

Kwa wenye Land Rover za kale, zile za dashibodi ya bati, hakuna hata tundu la kupima. Zilipotoka mwaka 1948 zilikusudiwa shamba, na aliyezibuni hakumfikiria mkulima anayetaka muziki. Msikate bati hilo. Likishakatwa halirudi, na thamani ya gari inaondoka na kile kipande. Seremala yeyote atakutengenezea kisanduku cha plaiwudi kinachoning'inia chini ya dashibodi katikati, kwa bolti nne, na siku ukiuza gari unakifungua unabaki nacho. Kwa magari mapya shida ni nyingine: ukiona nyaya zenye ala ya njano ndani ya dashibodi, hizo ni za mfuko wa hewa. Usizipime kwa taa ya fundi, usizikate, usiunganishe kitu chochote karibu nazo.

Sasa mshiko. Redio hukaa ndani ya fremu ya bati ambayo meno yake yanakunjwa kuushika uso wa dashibodi. Uso umeshikwa, lakini uzito wote uko nyuma. Ni sawa na kubeba kikaango kilichojaa kwa ncha ya mpini. Kwenye lami mkono unavumilia. Kwenye barabara iliyojikunja kama bati la migongo, redio hupigapiga juu na chini, meno yanalegea, plastiki ya dashibodi inapasuka, na plagi iliyo nyuma inaanza kuachia. Watengenezaji wanalijua hilo. Ndiyo maana nyuma ya redio kuna bolti au tundu la bolti. Kazi yake ni kushika kipande cha bati chenye matobo kinachokwenda kufungwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria. Mafundi wengi hukitupa kipande hicho pamoja na boksi. Mimi nilikikuta cha mjomba chini ya kiti, bado kiko kwenye nailoni yake.

Na zile skrini kubwa za Android zinazochomoza mbele ya dashibodi kama sinia? Mjini ni nzuri. Njiani kwenda Amani, kidole kinacholenga stesheni kinagusa ramani, kinachotaka kupunguza sauti kinapiga simu kwa shemeji. Kitufe cha kuzungusha unakishika bila kukitazama. Hili ni suala la ladha, lakini anayeendesha kwenye makorongo aniambie kama nimekosea.

Nyaya zinavyosahau

Ukiigeuza redio utaona mkia wa nyaya za rangi. Ya njano inataka umeme muda wote, hata funguo ukiwa mfukoni, kwa kuwa ndiyo inayotunza saa, stesheni na mipangilio. Nyekundu inataka umeme pale tu funguo unapozungushwa hatua ya kwanza. Hiyo ndiyo inayoiamsha redio. Nyeusi ni ya bodi, yaani chuma cha gari ambacho umeme hupitia kurudi kwenye hasi ya betri. Zibadilishane njano na nyekundu, redio itaamka kila asubuhi bila kumbukumbu hata moja. Zifunge zote mbili kwenye umeme wa kudumu, haitasahau kitu lakini haitalala pia. Hata ikinywa ampea 1 tu, gari likisimama siku mbili imekunywa ampea-saa 48. Betri ya ampea-saa 70 iliyobakiwa na 22 haiamshi injini ya dizeli.

Ya mjomba ilikuwa inasahau kwa sababu nyingine. Njano na nyekundu zilikuwa sahihi. Nyeusi ndiyo ilifungwa chini ya skrubu ya fremu ya dashibodi, juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Kilichokuwa kinapitisha ni meno machache ya skrubu. Gari likitulia, yanagusa. Likitikisika, yanaachia, na bodi ikikatika umeme wote unakosa njia ya kurudi, wa njano pamoja na wa nyekundu, kumbukumbu ikafutika. Dawa yake ni dakika kumi: tafuta bolti imara kwenye ukuta wa injini, kwangua mpaka chuma king'ae, funga terminali ya duara na washa yenye meno, kaza, kisha paka grisi juu. Usiiruke grisi. Upepo unaotoka Raskazone una chumvi, na chuma kilichokwanguliwa bila kufunikwa kinaanza kutu haraka.

Kwenye Land Rover jambo hili ni baya zaidi, kwa sababu mabati ya bodi ni ya aluminiamu na fremu ya chini ni chuma. Metali mbili tofauti zikigusana kwenye unyevu wenye chumvi zinakuwa betri ndogo, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Utaiona ikitoa unga mweupe. Mwenye Land Rover pwani asitegemee bodi hata kidogo. Avute waya mweusi moja kwa moja hadi hasi ya betri. Na kama ni ile ya kale kabisa, ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, atazame kwanza betri imefungwaje: nyingi zilitoka kiwandani chanya ikiwa kwenye bodi. Redio ya leo ikifungwa humo inakufa kabla haijasema neno.

Viungo vya nyaya vilikuwa vya kusokota na tepu. Ndivyo tulivyofundishwa wote. Lakini gari likishinda juani, gundi ya tepu inayeyuka, tepu inateleza kama ngozi ya ndizi mbivu, na waya uliosokotwa unafunguka wenyewe kwa mtikisiko. Terminali ya kubana kwa koleo lake ni bora. Kulehemu kwa risasi nako kunafaa, kwa sharti moja: risasi hufanya waya uwe mgumu, na pale ugumu unapoishia ndipo utakapokatikia, kwa hiyo kifunge kiungo kwenye kitu kisichocheza.

Nilimuuliza fundi aliyefunga, kwa adabu, mbona hakuna fyuzi karibu na betri. "Shekhe, redio ina fyuzi yake nyuma." Kweli inayo. Ila ile inailinda redio. Kuna waya wa mita moja na nusu kutoka betri unapita kwenye tundu la bati hadi kwenye dashibodi, na huo hauna mlinzi. Ukichubuliwa na ukingo wa bati, ambalo ni suala la muda tu kwenye rasta, umeme wote wa betri unapita hapo na waya unageuka kuwa wa jiko. Fyuzi ya ampea 15 inakaa kwenye waya, sentimita chache kutoka betri, na kwenye lile tundu la bati inawekwa raba.

Waya wenyewe pia uangaliwe. Nyingi zinazouzwa kwa rangi ya shaba ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kwangua kwa kisu: ukiona weupe ndani, ujue. Aluminiamu inapitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 ya shaba, na kwa hewa ya Tanga inaoza ndani ya ala bila wewe kuona. Kwa redio peke yake unaweza kuvumilia. Ukiongeza amplifaya, hapana. Hesabu ni hii: waya wa shaba wa milimita 4 za mraba, mita 5 kutoka betri, amplifaya ikivuta ampea 30, unapoteza karibu volti 0.66 njiani, yaani kama wati 20 zinazopasha waya moto badala ya kupiga muziki. Tumia wa milimita 16 za mraba, unapoteza volti 0.16 tu.

Magari ya Japani nayo yana mitego miwili. Wa kwanza ni masafa. Kule FM ilianzia 76 ikaishia 90, na hata walipoiongeza waliifikisha 95. Sisi tuko kati ya 88 na 108. Redio iliyokuja na gari hiyo inasikia ukingo tu wa stesheni zetu. Kuna kikopo kidogo kinachochomekwa kwenye waya wa antena na kushusha masafa: kikishusha kwa 18, stesheni ya 98.4 utaipata kwenye 80.4. Lakini 76 ukijumlisha 18 ni 94, kwa hiyo zote zilizo chini ya hapo umezikosa. Mjomba alichoka kupiga hesabu hizo kila akitafuta stesheni, ndiyo sababu alinunua redio mpya. (Asichokijua ni kwamba FM husafiri kwa mstari ulionyooka, na milima ya Usambara haiipishi njia. Ukishaingia kwenye mikunjo ya mlima, flashi ndiyo stesheni.)

Mtego wa pili unaunguza. Land Cruiser kadhaa za dizeli za soko la Japani zina betri mbili na umeme wa volti 24. Redio inataka 12. Fundi mwerevu atakwambia achukue 12 kwenye betri moja kati ya hizo mbili, na itafanya kazi, miezi kadhaa. Betri moja inatolewa umeme zaidi ya mwenzake huku altaneta ikizijaza kama vile ziko sawa. Moja inabaki na njaa, ya pili inashibishwa hadi inachemka, na unazika zote mbili. Kuna kifaa cha kushusha 24 hadi 12. Kinunuliwe, kifungwe penye hewa.

Hewa iliyo nyuma ya spika

Hapa ndipo nilipotumia Jumapili mbili kati ya zile tatu.

Spika ni koni inayosukuma hewa. Koni ikienda mbele, hewa ya mbele inabanwa na ya nyuma inalegea, kwa wakati uleule. Kwa maneno mengine kila spika inatoa sauti mbili, moja kinyume cha nyingine. Zikikutana, zinauana. Sauti ya chini ndiyo inayouawa, kwa sababu ni ndefu: wimbi la mtetemo wa mara 100 kwa sekunde lina urefu wa mita 3.4, na mbele ya urefu huo spika ya sentimita 10 si kitu. Sauti ya nyuma inazunguka ukingo na kufika mbele ikiwa bado ni kinyume kamili. Sauti kali ya mara 10,000 kwa sekunde ina wimbi la sentimita 3.4, haizunguki kirahisi, kwa hiyo inanusurika. Unabaki na matoazi na herufi "s".

Unaweza kulishuhudia hili bila kifaa chochote. Washa spika ukiwa umeishika mkononi. Italia kama simu ya kitochi. Kisha iegemeze kwenye kipande cha plaiwudi chenye tundu la ukubwa wake. Besi inarudi papo hapo, na hujaongeza hata wati moja. Nilipomwonyesha mjomba alinyamaza, akaigeuza spika kutazama nyuma yake.

Za kwake zilikuwa zimefungwa kwa skrubu mbili kila moja kwenye plastiki ya ncha za dashibodi. Kandokando zilikuwa na mianya ya kupitisha kidole, na nyuma yake kulikuwa na uwazi unaoungana na kisanduku cha glovu, kisahani cha majivu na mabomba ya hewa, yote yakifungukia abiria walipokaa. Sauti ya nyuma ilikuwa na milango mingi kuliko ya mbele. Isitoshe, spika ya kushoto ilikuwa imegeuzwa chanya na hasi, kwa hiyo hata kidogo kilichobaki, koni ya kulia ikisukuma, ya kushoto ilikuwa inavuta. Hilo hupimwa kwa betri ya rimoti, volti 1.5: gusa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, koni lazima itoke nje. Ikiingia ndani, alama zimekosewa.

Basi kwa nini gereji zilipiga vizuri? Kwa sababu injini ilikuwa imezimwa. Ngurumo ya dizeli na matairi imejaa sauti za chini, na sikio likipewa ngurumo halisikii besi iliyo ndogo kuliko ngurumo. Besi ya mjomba ilikuwa dhaifu tangu mwanzo. Ukimya wa gereji ulikuwa unaisetiri. Anayenunua redio aombe injini iwashwe kabla hajasema "safi".

Tulichofanya ni hiki. Tulikata pete mbili za plaiwudi, unene wa milimita 15, kwa kipimo cha spika. Plaiwudi, tena ile isiyoogopa maji; ubao wa unga wa mbao, ule wa makabati ya bei rahisi, unavimba kama andazi kwa unyevu wa pwani. Pete ikakazwa kwenye chuma kilicho nyuma ya plastiki, kwa bolti na nati zenye raba, ili plastiki ibaki pambo tu isibebe chochote. Kati ya spika na pete inahitajika gasketi laini. Tulitumia ndala iliyokwisha. Imetengenezwa kwa raba ya vijitundu vilivyofungwa, haipitishi hewa, hainywi maji, inakatika kwa wembe, na kila nyumba inayo.

Nyuma ya spika tukazungushia kikasha ili hewa isitoroke. Hapa pana kipimo. Hewa iliyofungiwa ni springi: ziba mdomo wa pampu ya baiskeli kwa kidole kisha sukuma, utaisikia. Kikasha kikiwa kidogo mno springi inakuwa ngumu, koni haiendi mbali, besi inapanda juu na kuwa "bubu" badala ya "dum". Spika ya sentimita 10 hutosheka na lita chache. Ya sentimita 16.5 inataka nyingi zaidi, na ndani ya dashibodi ya gari hizi hazipo.

Ndiyo maana nasema usiidai dashibodi besi. Eneo la koni ya 16.5 ni karibu mara 2.7 ya koni ya 10. Na kila sauti inaposhuka oktavu moja, yaani mitetemo yake ikipungua nusu, koni inatakiwa isafiri mara nne zaidi ili isikike kwa nguvu ileile. Sikiliza taarab ya Tanga, ya Black Star au Lucky Star, ambayo ina gitaa la besi linalotembea chini ya nyimbo nzima. Uzi mnene wa gitaa hilo unatetemeka mara 41 kwa sekunde. Kumwomba huyo atoke kwenye spika ya sentimita 10 ni kuipasua. Redio nyingi za sasa zina mpangilio wa kuzuia sauti za chini zisiende kwenye spika ndogo. Uweke kwenye mitetemo 100 au 120 kwa sekunde. Spika inapumua, maneno yanatoka wazi, na unaweza kuongeza sauti bila kukwaruza. Besi ipe sabufa nyembamba ya kukaa chini ya kiti, yenye amplifaya yake. Chini ya kiti, lakini juu ya sakafu: anayevuka maji aiinue juu ya kipande cha mbao.

Wati za kwenye boksi

Mjomba aliuliza zile wati 300 ziko wapi. Hazipo, wala hazingeweza kuwapo. Amplifaya iliyo ndani ya redio inakula umeme wa gari kama ulivyo, na injini ikiwaka huo ni kama volti 14.4. Zidisha 14.4 kwa 14.4, gawanya kwa omu 4 za spika: wati 52. Hapo ndipo inapotoka ile "50x4" iliyochapwa kwenye uso wa redio, nayo inapatikana pale tu redio inapokoroma kwa kuzidiwa. Kwa muziki safi igawe tena kwa mbili, 26, halafu toa kinachopotea njiani; utabaki na kama 20. Boksi la spika linasema spika inavumilia nini kabla ya kuungua. Halisemi itatoa nini.

Namba inayofaa kutazamwa iko kwa maandishi madogo pembeni, ya desibeli, kwa mfano 88 au 92. Ni sauti inayopatikana kwa wati 1 ukiwa mita 1. Desibeli 4 zinaonekana chache, lakini spika ya 92 ikipewa wati 20 inapiga sawa na ya 88 iliyopewa 50. Kwenye gari lenye kelele, na redio isiyo na amplifaya ya nje, hiyo ndiyo namba ya kulipia. Ya pili ni malighafi: koni ya plastiki badala ya karatasi, na ukingo wa raba badala ya sponji, kwa sababu sponji inaoza kwa unyevu na vumbi jekundu linaimalizia. Ukiweza, nunua spika zilizotengenezwa kwa boti. Tunaishi bandarini, chumvi ndiyo jirani yetu.

Jambo moja kwa wenye magari ya zamani: msitumie bodi kama waya wa hasi wa spika, ingawa gari lilitoka kiwandani hivyo. Redio za leo zinaendesha nyaya zote mbili za spika, kila mmoja ukiwa na kama nusu ya volti za betri hata muziki ukiwa kimya. Ukiugusisha mmoja kwenye bodi, chipu ya amplifaya inaungua au inajifunga. Vuta nyaya mbili kwa kila spika.

Pa mwisho ni pale spika zinapotazama. Spika iliyo ncha ya chini ya dashibodi inaimbia magoti, na kama abiria kapakata gunia la iliki, inaliimbia gunia. Sauti za chini zitazunguka. Za juu hazizunguki. Twita, spika ndogo za sauti za juu, zikiwekwa juu ya dashibodi, karibu na nguzo ya kioo, zinaokoa maneno ya wimbo. Halafu dereva wetu anakaa kulia, karibu kabisa na spika ya kulia. Sauti husafiri sentimita 34 kwa elfu moja ya sekunde, na ya kushoto ikiwa mbali kwa sentimita 70 inamfikia ikiwa imechelewa kwa elfu mbili hivi. Kidogo mno kuonekana kama mwangwi, kinatosha kufanya bendi nzima ionekane imejibana mlango wa kulia. Redio ya mjomba ilikuwa na mpangilio wa kuichelewesha ile ya karibu, umefichwa ndani kabisa ya menyu. Tukaandika 70. Mwimbaji akahamia katikati ya kioo.

Tulipanda Amani wiki iliyofuata, na saruji mifuko kumi na miwili nyuma. Redio haikuzima. Besi ilishuka kidogo pale njia ilipochafuka kabisa, maneno yakabaki. Kilichobaki kikilia ni kifuniko cha kisahani cha majivu, ambacho kinaitikia noti moja tu ya gitaa la besi, kila ikipigwa. Mjomba alikivumilia hadi kona ya tatu, akasimamisha gari, akavua ndala ya mguu wa kushoto na kuniuliza wembe uko wapi.